Kupima Mafuta Kwenye Chakula: Mwongozo Kamili wa Majaribio Rahisi ya Maabara

Mafuta yanayoelea juu ya mchuzi hayahitaji jaribio, kila mtu anayaona. Kazi ya maabara ni kuyafichua yale yaliyojificha ndani ya mbegu, unga, maziwa, kiini cha yai au nyama isiyoonekana kuwa na shahamu. Majaribio ya kufanya hivyo ni machache na vifaa vyake si vya gharama, lakini mengi huharibika kwa sababu moja: mpimaji anatazama testitubu moja, anaona weupe, anaandika "mafuta yapo". Weupe huo unaweza kuwa protini, unga uliopita kwenye chujio, mapovu ya hewa, au spiriti yenyewe. Kwa hiyo katika kila jaribio lililomo humu, sampuli yako haisimami peke yake. Inasimama kati ya testitubu mbili: moja tunayojua ina mafuta, na nyingine tunayojua haina.

Majaribio yote yanategemea tabia chache za mafuta. Hayachanganyiki na maji. Yanayeyuka katika viyeyushi kama ethanoli, asetoni na etha. Hayakauki kama maji, kwa sababu hayageuki mvuke kwa joto la kawaida. Na molekuli yake, yaani gliseroli moja iliyoshikana na asidi za mafuta tatu, huvunjwa na alkali kali na kutoa sabuni. Ukijua jaribio lako linategemea tabia ipi, utajua pia ni kitu gani kingine chenye tabia hiyo kinaweza kukudanganya.

Vifaa na kemikali

Andaa testitubu angalau sita na raki yake, vizibo vya mpira, kinu na mchi, pipeti za matone, silinda ya kupimia ya 10 ml, faneli, karatasi za chujio, bika la 250 ml, kibanio na mizani. Kwa kemikali, utahitaji ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, maji yaliyokenekwa, mafuta ya kupikia kwa ajili ya ulinganisho, na rangi ya Sudan III. Jaribio la sabuni litahitaji hidroksidi ya sodiamu, na kupima kiasi kutahitaji asetoni au etha ya petroli.

Kuhusu spiriti: ile ya kuchomea au ya kusafishia vidonda si mbadala wa kuaminika. Viwanda huongeza vitu vingine ndani yake, na baadhi ya vitu hivyo hutoa ukungu mweupe mara spiriti inapokutana na maji, hata kama hujaweka chakula chochote. Kabla ya kutumia chupa yoyote, chukua 2 ml za spiriti hiyo, mimina kwenye 2 ml za maji, tikisa. Ikibaki angavu, itumie. Ikitoa ukungu, iweke kando, haifai hata kidogo kwa jaribio la emulsheni, yaani lile la vitone vidogo vya mafuta vilivyotawanyika kwenye maji.

Usalama hapa si maneno ya kujaza ukurasa. Mvuke wa ethanoli tupu unaweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 13 za Selsiasi, kwa maana nyingine katika chumba cha kawaida daima upo tayari kuwaka. Usiweke ethanoli, asetoni wala etha karibu na mwali. Jaribio likihitaji joto, chemsha maji kwanza, zima moto kabisa, uondoe kichomeo mezani, ndipo uitumbukize testitubu kwenye maji hayo ya moto. Vaa miwani ya kinga muda wote. Uliza kama kuna mtu mwenye mzio wa karanga au jamii nyingine ya kokwa kabla ya kuzisaga, kwa sababu vumbi lake linatosha kumdhuru. Na chakula kilichoingia maabara hakiliwi tena.

Kutayarisha sampuli

Hapa ndipo matokeo yanapoamuliwa. Mafuta ya mbegu yamefungiwa ndani ya seli, na kiyeyushi hakiwezi kuyafikia kama seli hazijapasuliwa. Karanga iliyokatwa vipande vinne inaweza kutoa ukungu hafifu tu, na ileile ikisagwa vizuri ikatoa weupe mzito.

Saga chakula kigumu kwenye kinu mpaka kiwe unga laini au rojo. Kama kinateleza na kukataa kusagika, ongeza mchanga safi mkavu, kiasi cha nusu kijiko cha chai, ukwaruze pamoja. Pima 2 g. Osha kinu kwa sabuni na maji ya moto, kisha ukisuuze kwa ethanoli kabla ya sampuli inayofuata. Ukianza na karanga halafu ukasaga mchele kwenye kinu kilichofutwa kwa kitambaa tu, mchele wako "utakuwa na mafuta". Njia bora ni kupanga sampuli kuanzia zile unazodhani hazina mafuta na kumalizia na zenye mafuta mengi.

Chakula chenye maji mengi kama parachichi, nyama au samaki kikaushwe kwanza. Kitandaze chembamba na kukiweka kwenye oveni yenye nyuzi kati ya 60 na 70 mpaka kikauke. Maji yakibaki kwenye sampuli huipunguza nguvu ethanoli, na ethanoli dhaifu haiyeyushi mafuta vizuri.

Jaribio la kwanza: doa la karatasi

Hili ndilo jepesi kuliko yote na linafaa kama kipimo cha awali. Tumia karatasi ya chujio, au karatasi nyeupe ya kawaida isiyong'arishwa. Karatasi ya jarida au yenye nta haifai, kwani tayari ina kitu kilichoziba vinyweleo vyake.

1. Chora kwa penseli miduara mitatu yenye upana wa sentimita 2, iwe mbalimbali. Iandike: S kwa sampuli, M kwa mafuta, J kwa maji. Usitumie kalamu ya wino.
2. Sugua kiasi kidogo cha chakula kilichosagwa kwenye mduara wa S kwa kutumia mchi au kijiko, usitumie kidole. Kwenye M weka tone moja la mafuta ya kupikia, na kwenye J tone moja la maji.
3. Baada ya dakika 2, pangusa mabaki ya chakula.
4. Acha karatasi ikauke mpaka doa la J litoweke kabisa. Mahali pakavu huchukua dakika 15 hivi. Kwenye unyevunyevu mwingi, iweke kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa dakika 10.
5. Inyanyue karatasi mbele ya mwanga wa dirisha au taa. Doa la mafuta hupitisha mwanga na kuonekana jeupe zaidi kuliko karatasi inayolizunguka. Kisha ilaze juu ya meza nyeusi: sasa doa hilohilo linaonekana jeusi zaidi.

Hatua ya tano ina mambo mawili kwa makusudi. Karatasi ni nyeupe kwa sababu mwanga unagonga nyuzi, unaingia kwenye hewa iliyo kati yake, unagonga tena nyuzi nyingine, na kutawanyika kila upande. Mafuta yakijaza nafasi hizo, mwanga haukutani tena na mabadiliko makubwa, kwa sababu mafuta huupinda mwanga karibu sawa na nyuzi za karatasi. Unapita moja kwa moja. Kama doa halibadiliki kati ya dirishani na kwenye meza nyeusi, huenda ni rangi ya chakula tu na si mafuta. Sampuli zenye rangi kali, kama pilipili iliyosagwa au bizari ya manjano, hudanganya hapa mara nyingi.

Makosa mengine yanayojitokeza: vidole. Jasho la ngozi lina mafuta, na alama ya kidole huacha doa halisi kabisa. Shika karatasi kwa kibanio. Haraka nayo huharibu, maana watu husoma kabla ya doa la maji kutoweka, na doa la maji nalo hupitisha mwanga. Ndiyo maana J ipo: ni saa yako. Ikitoweka, soma.

Kuna pia mafuta yanayonukia ya mimea, kama ya karafuu au ya ganda la chungwa. Yanaacha doa kama mafuta mengine, lakini ni mepesi na hugeuka mvuke. Ukiiweka karatasi kwenye oveni kwa muda wa saa moja au mbili kwa nyuzi 100, doa lake hufifia na kwa kawaida kutoweka, ilhali la mafuta ya kula hubaki. Nta haitoweki, hivyo jaribio hili haliwezi kutenganisha nta na mafuta.

Kama chakula kina mafuta kidogo sana, kukisugua peke yake hakutoshi. Tikisa 2 g za sampuli kavu katika 5 ml za asetoni, acha itulie, kisha dondoshea matone ya kioevu cha juu mahali pamoja, ukingoje kila tone likauke kabla ya kuongeza lingine. Matone kumi yaliyorundikana huleta mafuta ambayo tone moja lisingeonyesha. Dondoshea asetoni tupu idadi ileile ya matone kando yake ili ujue kwamba doa halikutoka kwenye kiyeyushi.

Jaribio la pili: emulsheni kwa ethanoli

Kama kuna muda wa kufanya jaribio moja tu, fanya hili. Ni la haraka, halitumii rangi, na linashika mafuta kidogo ambayo doa la karatasi linaweza kuyakosa.

1. Panga testitubu tatu kavu kabisa. Weka 2 g za sampuli iliyosagwa kwenye ya kwanza, matone 2 ya mafuta ya kupikia kwenye ya pili, na ya tatu usiweke chochote.
2. Ongeza 4 ml za ethanoli kwa kila moja, ziba kwa kizibo, tikisa kwa nguvu kwa dakika 1 hadi 2.
3. Kwa mbegu na vyakula vigumu, ondoa kizibo na utumbukize testitubu kwenye bika la maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 5. Moto uwe umezimwa. Mafuta mengi ya kula yanayeyuka kwa shida kwenye ethanoli baridi, na joto hilo huongeza kiasi kinachotoka.
4. Acha itulie mpaka chembe zizame na kioevu cha juu kiwe angavu. Kama hakiwi angavu baada ya dakika 5, kichuje kwa karatasi ya chujio iliyo kavu.
5. Weka 2 ml za maji baridi yaliyokenekwa kwenye testitubu tatu nyingine safi.
6. Kwa pipeti, chukua 2 ml za kioevu cha juu kutoka kila testitubu na kukimimina kwenye maji. Tikisa mara moja taratibu.
7. Shika testitubu zote tatu mbele ya karatasi nyeusi na uzisome baada ya dakika 1, si kabla.

Mafuta yakiwapo, kioevu hugeuka cheupe kama maji ya mchele. Ethanoli na maji huchanganyika, na mafuta yaliyokuwa yameyeyuka yanajikuta mahali yasipoweza kukaa. Yanajikusanya kuwa vitone vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Mafuta mengi hutoa weupe mzito, machache hutoa ukungu wa kijivu.

Dakika moja ya kungoja ina sababu. Ethanoli inapoingia kwenye maji mchanganyiko hupata joto kidogo na hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka kama mapovu membamba. Ukitazama kwa makini utayaona yakipanda juu na kioevu kikianza kusafika kutoka chini kwenda juu. Mtu mwenye haraka huyaita emulsheni. Emulsheni ya kweli haipandi na kutoweka ndani ya dakika moja, hubaki pale. Testitubu ya tatu, isiyo na chakula, itakuonyesha mapovu haya wazi, na ndiyo sababu usiiruke.

Kosa linaloongoza ni kubeba chembe za chakula pamoja na ethanoli. Chembe hizo zenyewe ni nyeupe na huelea kwenye maji. Kagua kioevu *kabla* ya kukimimina: kama kina ukungu tayari, hujui ukungu wa baadaye umetoka wapi. Chuja kwanza. La pili ni testitubu yenye maji kwenye hatua ya kwanza. Matone machache ya maji yaliyobaki baada ya kuosha yanatosha kuangusha mafuta mapema, yakabaki kwenye mashapo badala ya kuvuka kwenda kwenye testitubu ya pili.

Kisha kuna udanganyifu wa kikemia. Ngano na mahindi zina protini zinazoyeyuka kwenye ethanoli iliyochanganyika na maji, hasa ya asilimia 70 hivi, na huganda kuwa weupe ukiongeza maji zaidi. Unga wenye unyevu ukitikiswa katika ethanoli dhaifu unaweza kutoa ukungu ambao sehemu yake si mafuta. Dawa yake ni kukausha unga na kutumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Viungo vyenye mafuta yanayonukia navyo hutoa weupe safi kabisa, na majani mabichi hutoa kioevu cha kijani ambacho huingia ukungu kwa sababu ya rangi na nta zake. Kwa sampuli za namna hii, jibu la emulsheni lichukuliwe kama dokezo tu, kisha lithibitishwe kwa doa lililopita kwenye oveni au kwa sabuni.

Ukitaka kulinganisha vyakula viwili badala ya kujibu ndiyo au hapana, tengeneza ngazi. Yeyusha 0.1 ml ya mafuta ya kupikia katika ethanoli tupu mpaka ifike 10 ml, ukiipasha kwenye maji ya moto, upate myeyusho wa asilimia 1. Chukua 1 ml yake uijaze hadi 10 ml kwa ethanoli upate asilimia 0.1, rudia tena upate 0.01. Fanya hatua ya 5 hadi 7 kwa kila ngazi. Kisha chora mstari mweusi kwenye karatasi, uweke nyuma ya testitubu, na utazame ni kwenye ngazi ipi mstari unafifia kama kwenye sampuli yako. Si kipimo cha kutoa namba kamili, ila kinatofautisha vizuri kati ya chakula chenye mafuta tele na chenye mafuta ya kugusia.

Jaribio la tatu: Sudan III

Sudan III ni rangi nyekundu inayokataa maji na kupenda mafuta. Ukiipa nafasi ya kuchagua, inahamia kwenye mafuta. Tengeneza myeyusho wake kwa kuweka 0.5 g ya unga wa rangi kwenye 100 ml za ethanoli ya asilimia 70. Ethanoli hiyo hupatikana kwa kuchukua 74 ml za ethanoli ya asilimia 95 na kuongeza maji mpaka 100 ml. Pasha kwenye maji ya moto, ziba, acha usiku kucha, kisha chuja. Rangi yote haitayeyuka, na hilo ni kawaida. Kuchuja ndiko muhimu, kwa sababu punje zilizobaki zitakudanganya baadaye. Vaa glavu: rangi hii haiondoki kirahisi kwenye ngozi na nguo, na hairuhusiwi kutiwa kwenye chakula katika nchi nyingi.

Weka 2 ml za sampuli ya majimaji, au rojo la chakula lililotikiswa na maji, kwenye testitubu. Ongeza 2 ml za maji na matone 3 ya Sudan III. Ziba, tikisa kwa nusu dakika, acha itulie kwa dakika 5 bila kuigusa. Fanya hivyohivyo kwa maji matupu na kwa maji yenye matone 10 ya mafuta.

Penye mafuta utaona tabaka jekundu lililokusanyika juu, na maji yaliyo chini yakiwa hayana rangi au yana wekundu hafifu. Pasipo mafuta, rangi husambaa kwenye maji au hujitenga kama vumbi jekundu. Vumbi hilo ndilo hasa la kuangalia kwa jicho kali. Mara nyingine huelea na kutengeneza duara jekundu juu ya maji, na kutoka mbali linafanana na tabaka la mafuta. Inamisha testitubu polepole. Tabaka la mafuta ni kioevu, litateleza na kubaki laini na lenye kung'aa. Vumbi litang'ang'ania kioo kama madoadoa makavu.

Kwa darubini, Sudan III hufanya kazi nzuri zaidi. Kata kipande chembamba sana cha mbegu au parachichi, kiweke kwenye rangi kwa dakika 5 hadi 10, kisuuze kwa sekunde chache katika ethanoli ya asilimia 50, kisha ukiweke kwenye kioo na tone la gliseroli. Matone ya mafuta ndani ya seli yataonekana ya rangi ya machungwa hadi nyekundu. Usisuuze kwa ethanoli kali, kwa kuwa itaiondoa rangi na kuyayeyusha mafuta yenyewe, ukabaki na seli tupu.

Jaribio la nne: kugeuza kuwa sabuni

Majaribio ya doa na ya Sudan III hayawezi kutofautisha mafuta ya kula na mafuta ya madini, kama parafini ya maji. Yote huacha doa, yote hupokea Sudan III. Sabuni hutofautisha, kwa kuwa mafuta ya madini hayana asidi za mafuta za kuvunjwa na alkali.

Unahitaji mafuta yaliyokwisha kutolewa kwenye chakula, kwa njia iliyoelezwa kwenye sehemu inayofuata ya kupima kiasi. Weka 2 ml za mafuta hayo kwenye bika dogo, ongeza 5 ml za ethanoli na 5 ml za hidroksidi ya sodiamu ya asilimia 20. Alkali hii huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho, hivyo glavu na miwani si hiari. Weka bika juu ya maji ya moto ya nyuzi 70 hadi 80, koroga kwa kijiti cha kioo kwa dakika 20 hadi 30, ukiongeza ethanoli kidogo ikipungua. Ethanoli ipo kwa sababu mafuta na alkali havichanganyiki, nayo huvikutanisha. Joto litoke kwenye maji yaliyochemshwa kando na kubadilishwa yakipoa, au kwenye jiko la umeme lisilo na waya uliowaka wazi.

Kujua kama kazi imekwisha, dondosha tone moja kwenye maji ya moto. Likitawanyika bila kuacha vijicho vya mafuta juu, tayari. Mimina 20 ml za maji ya chumvi yaliyokolea, yaani 36 g za chumvi kwa 100 ml za maji, na sabuni itajitenga na kuelea. Chukua kipande, kitikise kwenye maji yaliyokenekwa: povu linalodumu. Kitikise kwenye maji yenye kloridi ya kalsiamu kidogo: povu linakufa na utando mweupe unatokea. Ongeza asidi hidrokloriki iliyozimuliwa kwenye maji ya sabuni: asidi za mafuta zinajitenga na kuelea kama mafuta mazito au mabonge laini. Ukipata yote matatu, huna shaka tena.

Lipo pia jaribio la akrolini, ambapo matone machache ya mafuta hupashwa pamoja na potasiamu haidrojeni salfeti, na gliseroli inapoteza maji na kutoa akrolini yenye harufu kali inayochoma pua. Akrolini ni sumu. Bila kabati la kuvuta mvuke linalofanya kazi, usilifanye. Sabuni hutoa jibu lilelile kwa usalama zaidi.

Kupima ni mafuta kiasi gani

Hapa mizani inayosoma hadi 0.01 g ni ya lazima. Kanuni ni ileile ambayo mkemia Franz von Soxhlet aliiwekea kifaa chake mwaka 1879, alipokuwa akishughulika na mafuta ya maziwa: kiyeyushi kipite kwenye chakula mara nyingi, kisha kiondolewe, na kinachobaki kipimwe uzito.

Kausha sampuli iliyosagwa kwa nyuzi 100 hadi 105 kwa saa 2 hadi 3, ukipima uzito kabla na baada. Weka 5.00 g za sampuli kavu kwenye chupa ya kioo yenye kizibo. Ongeza 20 ml za asetoni au etha ya petroli inayochemka kati ya nyuzi 40 na 60, tikisa kwa dakika 5, acha itulie, chujia kwenye bika kavu ulilokwisha kupima uzito. Rudia mara mbili zaidi kwa 20 ml nyingine, ukikusanya kwenye bika hilohilo. Mwishoni suuza karatasi ya chujio kwa matone ya kiyeyushi, kwani mafuta hushika kwenye ukingo wake. Acha kiyeyushi kikauke ndani ya kabati la mvuke, bika likiwa juu ya maji ya moto na pasipo mwali popote chumbani. Maliza kwa nusu saa kwenye oveni ya nyuzi 100 wakati harufu ya kiyeyushi imekwisha kabisa, acha lipoe, pima. Rudisha kwenye oveni dakika 15, lipoe, pima tena. Tofauti ikiwa chini ya 0.01 g, umefika.

Mfano: karanga mbichi 5.30 g zilikauka zikawa 5.00 g. Bika tupu lilikuwa 48.20 g, na likiwa na mafuta 50.55 g. Mafuta ni 2.35 g, sawa na asilimia 47 ya uzito mkavu, au 44.3 ya uzito wa awali. Andika daima ni uzito upi umetumia, la sivyo namba yako haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine. Karanga kwa kawaida huwa kati ya asilimia 45 na 50. Ukipata 30, huenda hukusaga vizuri au ulipitisha kiyeyushi mara moja tu. Ukipata 60, kiyeyushi bado kimo au unga ulipita kwenye chujio. Bika lililopimwa likiwa bado moto husoma pungufu, kwa sababu hewa ya moto inayopanda hulinyanyua kidogo.

Maziwa na mayai

Maziwa tayari ni emulsheni, hivyo weupe wake hauna maana yoyote kwako. Chukua 1 ml ya maziwa, ongeza 5 ml za ethanoli, tikisa. Protini itaganda na kushika sehemu ya mafuta, kwa hiyo pasha kwenye maji ya moto kwa dakika 5, tikisa tena, chuja mpaka kioevu kiwe angavu, ndipo ukimimine kwenye maji. Ulinganisho unaofaa hapa ni maziwa yaliyoondolewa mafuta, yakipitia hatua zote. Anayetaka asilimia ya mafuta ya maziwa hafuati njia hii. Hutumia ile ya mkemia Stephen Babcock ya mwaka 1890, ambapo asidi salfuriki kali huyeyusha protini, mashine inayozunguka kwa kasi huyasukuma mafuta juu, na kipimo husomwa kwenye shingo ya chupa.

Yai litenganishwe. Kiini hutoa emulsheni nzito kupita kiasi, kwa sababu pamoja na mafuta kina lesithini, ambayo nayo huyeyuka kwenye ethanoli na kuvishikilia vitone visiungane. Ute hautoi kitu cha maana. Ute ukionyesha weupe, ama kiini kilipasuka wakati wa kutenganisha, ama protini imepita: chuja upya.

Kusafisha na kutupa taka

Ethanoli, asetoni na etha zilizotumika ziingie kwenye chupa ya taka yenye lebo na kizibo, si kwenye sinki. Taka za Sudan III ziwe na chupa yake. Alkali iliyobaki izimuliwe kwa maji mengi na kuondolewa ukali kwa asidi dhaifu mpaka karatasi ya litimasi isigeuke buluu. Testitubu zenye mafuta usianze kuziosha kwa maji: zisuuze kwanza kwa ethanoli kidogo uliyoitumia, kisha maji ya moto na sabuni, kisha maji yaliyokenekwa. Zipindue zikauke. Jaza moja kwa maji na kuyamwaga: maji yakitiririka kama utando mmoja, kioo ni safi. Yakijigawa matone matone ukutani, bado kuna mafuta, na testitubu hiyo irudi kuoshwa kabla haijatumika tena.